Bidhaa zavuka mpaka, mpangaji abaki na sheria ya kila nchi

Mfanyabiashara mdogo anayepitisha vitunguu Namanga au maharage Mutukula anazijua karatasi zake. Kama thamani ya mzigo haizidi dola 2,000 za Marekani na bidhaa imo kwenye orodha ya pamoja, anajaziwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa pale pale mpakani na kusonga mbele bila kutozwa ushuru wa forodha. Ada na kodi nyingine zinaweza kumfuata, lakini walau utaratibu upo, na ni mmoja kwa nchi zote mbili.

Jioni hiyo hiyo akifika mjini na kuanza kutafuta chumba cha kulala na stoo ya kuwekea mzigo, utaratibu huo unaishia hapo. Hakuna fomu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mkataba wa upangaji. Hakuna kiwango cha pamoja cha malipo ya awali, muda wa notisi au siku za kurudishiwa amana. Anashughulika na dalali, mwenye nyumba na sheria ya nchi aliyomo. Akihamia nchi ya pili anaanza upya, na mara nyingi anaacha nyuma fedha ambazo zilikuwa mtaji.

Suala hili halizungumzwi sana kwenye vikao vya mawaziri wa biashara, ambako mjadala huwa wa ushuru, mahindi, maziwa na malori yaliyokwama. Hata hivyo, kwa mtu ambaye mtaji wake wote ni mzigo wa wiki mbili, kodi ya pango ya miezi sita iliyolipwa mara moja inaweza kumwumiza kuliko ushuru wowote wa mpakani.

Mlango ulioachwa kwa kila nchi

Itifaki ya Soko la Pamoja ilitiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai 1, 2010. Kifungu cha 13 kinampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuanzisha biashara katika nchi nyingine. Kifungu cha 14 kinampa haki ya kuishi huko yule aliyeingia kwa ajili ya kazi au biashara hiyo. Mtu angetegemea kifungu kinachofuata kiseme ataishi wapi na atafungua duka katika jengo gani.

Kifungu cha 15 kinasema kinyume cha matarajio hayo. Matumizi ya ardhi na majengo yataongozwa na sera na sheria za kila nchi mwanachama.

Sababu yake inajulikana. Wakati wa majadiliano ya itifaki, ardhi ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyozua mvutano mkubwa, na Tanzania haikuficha wasiwasi wake kuhusu ardhi na ukaazi wa kudumu. Bila maridhiano ya kifungu hicho, huenda itifaki nzima ingekwama. Lakini neno "majengo" lilipowekwa pamoja na neno "ardhi", chumba cha kupanga Kariakoo au Kisumu kilitupwa katika kapu moja na shamba la ekari elfu moja. Mtu anayetaka kupanga chumba kwa miezi minne hatafuti ardhi ya mtu. Kwa itifaki, hata hivyo, wote wawili wameelekezwa mlango mmoja.

Miezi sita mkononi

Dar es Salaam ndiyo mfano unaouma zaidi kwa anayeingia. Mwenye nyumba wa kawaida anataka kodi ya miezi sita, wengine mwaka mzima, yote taslimu kabla ya funguo. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kuonyesha chumba. Tuseme chumba ni Sh 150,000 kwa mwezi. Mpangaji anatoa Sh 900,000 za miezi sita na Sh 150,000 za dalali, jumla Sh 1,050,000, kabla hajanunua godoro. Jijini Nairobi, chumba cha KSh 12,000 kwa kawaida kitamtoa kodi ya mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja, KSh 24,000, kisha ataendelea kulipa kila mwezi.

Tofauti hii si ya tabia tu. Sheria ya Tanzania ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo uhusiano wa mpangaji na mwenye nyumba unaongozwa na Sheria ya Ardhi pamoja na yale waliyokubaliana wenyewe. Mwenye nyumba anayedai miezi sita anatumia nafasi ambayo soko limempa.

Kwa mgeni kuna hesabu nyingine. Raia wa Afrika Mashariki anayeingia nchi mwanachama kama mgeni anaweza kupewa pasi ya hadi miezi sita. Akitumia wiki tatu kutafuta chumba, kisha akalipia miezi sita, tayari amelipia siku ambazo pasi yake haizifikii. Anayetaka kukaa zaidi kwa biashara anahitaji kibali cha ukaazi, na kibali kina gharama na muda wake.

Akitoka mapema, mambo ni magumu zaidi. Mpangaji wa mfano huo akiona biashara haiendi na kuondoka baada ya miezi minne, Sh 300,000 zake zinabaki kwa mwenye nyumba, isipokuwa mkataba umesema vinginevyo au ampate mtu wa kuingia mahali pake na kumrudishia. Wengi hawana mkataba wa maandishi. Wana risiti ya kitabu cha kununua dukani, na baadhi hawana hata hiyo.

Liko pia deni dogo lisiloonekana. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo Tanzania inakatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Sasa ni Sh 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na Sh 7,500 kwa kila ghorofa. Mwenye jukumu la kodi hiyo ni mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Asiposema wakati wa kuingia kwamba makato hayo yatapunguzwa kwenye kodi ya pango, anakuwa amemlipia mwenye nyumba bila kujua, na siku ya kutoka hakuna wa kumkumbusha.

Agizo la Julai na jina lililo kwenye mkataba

Mambo yalibadilika Julai 2025. Serikali ya Tanzania ilitoa agizo la kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo sehemu kubwa ya biashara ya jumla na rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni, ununuzi wa mazao shambani na udalali wa nyumba. Mgeni anayekiuka anakabiliwa na faini isiyopungua Sh milioni 10, kifungo cha hadi miezi sita, na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Mtanzania anayemsaidia anakabiliwa na faini ya Sh milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu.

Kenya ililalamika kwamba agizo hilo linakwenda kinyume na kifungu cha 13 cha itifaki. Mjadala huo wa serikali mbili umeandikwa sana. Usioandikwa ni wa fremu.

Katika maeneo ya biashara, si jambo geni mgeni kutumia jina la mwenyeji kwenye leseni na kwenye mkataba wa pango, huku fedha zikiwa zake. Anayeingia mahali pazuri mara nyingi hutoa pia kilemba kwa anayetoka, fedha ambayo kwa kawaida haina risiti. Mpango huo ulikuwa wa hatari tangu mwanzo, lakini baada ya agizo umekuwa mtego wa pande zote mbili. Mwenyeji akiogopa faini na kujitoa, jina kwenye mkataba ni lake na kodi iliyolipwa mbele inasomeka kuwa yake. Mgeni aliyetoa fedha hawezi kwenda mbele ya chombo chochote kuzidai bila kwanza kukiri mpango wenyewe.

Kwa wale waliokuwa na leseni halali kwa majina yao, agizo liliwaruhusu kuendelea hadi leseni ziishe. Hapo pia pana tatizo la tarehe. Leseni na pango havikuanza siku moja, basi haviishi siku moja. Aliyelipa pango la mwaka mzima huku leseni ikibaki na miezi mitatu anamwachia mwenye jengo miezi tisa, au anaanza kubembeleza arudishiwe.

Tanzania ilichukua hatua nyingine mwaka huo huo ambayo kwa mpangaji ni nafuu. Tangu mwishoni mwa Machi 2025, kanuni zinakataza kutaja bei na kudai malipo ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Mwenye jengo aliyezoea kuandika kodi ya duka kwa dola sasa anatakiwa kuiandika kwa shilingi. Mfanyabiashara kutoka Kigali au Lubumbashi aliyekuwa akikutana na dola kila anapouliza bei ya ofisi ana msingi wa kisheria wa kukataa.

Kenya: aliye bila mkataba analindwa, hadi pale apewapo mkataba

Kenya ina sheria zaidi ya moja kuhusu upangaji, na kila moja ina mipaka yake. Sheria ya kudhibiti kodi za makazi inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi KSh 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho ni cha miongo mingi iliyopita, na leo mijini ni vigumu kupata chumba kinachoingia humo. Mswada wa kuziunganisha sheria hizi ulifikishwa bungeni mwaka 2021 ukiwa na nia ya kumaliza mkanganyiko huo.

Upande wa maduka ndio wenye faida kwa mfanyabiashara. Sheria ya wapangaji wa maduka, hoteli na migahawa inamlinda mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba wa muda usiozidi miaka mitano. Mwenye jengo anayetaka kumtoa au kumpandishia kodi lazima atoe notisi rasmi ya angalau miezi miwili, na mpangaji anaweza kwenda kwenye baraza linaloshughulikia kodi za majengo ya biashara kabla notisi haijaanza kufanya kazi. Wenye majengo wanaijua sheria hiyo vizuri. Ndiyo maana mikataba mingi ya maduka mijini huandikwa kwa miaka mitano na miezi mitatu. Miezi hiyo mitatu inamtoa mpangaji kwenye ulinzi, na yeye husaini akifurahia kwamba amepewa muda mrefu.

Kwenye makazi, ugomvi mkubwa ni amana. Mpangaji hulipa mwezi mmoja wa amana akiingia, na akitoka huambiwa imekwisha kwa rangi, kitasa na bomba. Yule anayebaki mjini anaweza kurudi kila wiki kwa keateka kudai. Anayerudi Arusha au Mbale hawezi, kwa sababu nauli ya safari mbili itamaliza nusu ya kile anachodai. Ndiyo sababu wengi hufanya jambo ambalo mkataba hulikataza: hawalipi kodi ya mwezi wa mwisho na kusema amana iwe ndiyo kodi. Mwenye nyumba naye, akijua mchezo huo, humwangalia kila mpangaji mgeni kwa jicho la shaka.

Uganda: sheria mpya, mazoea ya zamani

Uganda ndiyo nchi iliyopiga hatua kubwa zaidi katika sheria yenyewe. Kwa miaka mingi wafanyabiashara wa Kampala walilalamika kuhusu kodi za maduka zinazotozwa kwa dola na kupanda bila taarifa. Sheria ya mwenye nyumba na mpangaji ya mwaka 2022 ilichukua nafasi ya sheria ya enzi za ukoloni na kugusa malalamiko hayo. Kodi inahesabiwa kwa shilingi ya Uganda isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Haiwezi kupandishwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Mpangaji hawezi kufukuzwa bila amri ya mahakama. Mkataba wenye thamani ya kuanzia Sh 500,000 za Uganda unatakiwa uwe wa maandishi au katika njia ya kielektroniki.

Sharti hilo la mwisho lina maana kubwa kwa anayevuka mpaka. Ujumbe wa simu unaotaja chumba, kodi na muda unaweza kuwa ushahidi. Mfanyabiashara ambaye hana muda wa wakili ana simu, na simu hiyo inaweza kumwokoa.

Udhaifu uko kwenye maneno "isipokuwa wamekubaliana vinginevyo". Mwenye jengo la maduka mjini Kampala anayetaka dola anaandika dola kwenye mkataba, na mwenye haja ya duka anasaini. Kufuli pia halijaondoka, kwa kuwa mlango ukifungwa na mzigo uko ndani, mfanyabiashara hana wiki za kusubiri amri ya mahakama wakati nyanya zinaoza. Analipa anachodaiwa, halali na kisicho halali, ili atoe mzigo wake.

Garanti na daftari la kaya

Upande wa magharibi wa Jumuiya, maneno hubadilika na tatizo hubaki. Nchini Kongo, mpangaji humpa bayeri garanti, na mara nyingi kwa dola taslimu. Sheria ya mwaka 2015 iliweka kikomo cha miezi mitatu kwa nyumba za makazi, lakini si kila bayeri anayekifuata. Kwa waliopanga Goma, vita vimeongeza shida nyingine. Mji ulipotekwa na kundi la M23 Januari 2025, benki zilifungwa. Bayeri aliyetumia garanti kwa ujenzi hana njia rahisi ya kupata dola za kuirudisha, na mpangaji aliyekimbilia ng'ambo ya mpaka hana njia rahisi ya kurudi kuzidai.

Nchini Burundi, kila kaya inatakiwa kuwa na daftari lenye majina ya wote wanaolala ndani ya nyumba. Mgeni aliyepangiwa chumba na asiandikwe anaweza kujikuta matatani siku ya msako, ingawa kodi amelipa. Mambo kama hayo yapo kwingine pia. Nchini Uganda, mwenyekiti wa LC1 ndiye anayemtambua mkazi wa kijiji au mtaa. Tanzania kuna mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa. Anayejitambulisha kwao siku ya kwanza anapata shahidi wa bure. Anayekwepa kwa kuogopa ada ndogo ya barua anakosa mtu wa kusema lolote kwa niaba yake siku ya ugomvi.

Siku ya kutoka huamuliwa siku ya kuingia

Ukizilinganisha nchi hizi, jambo moja linajitokeza. Mpangaji mgeni hashindwi kwa kukosa haki. Katika nchi nyingi sheria inampa walau kitu cha kushika. Anashindwa kwa sababu hana ushahidi, na kwa sababu hana muda wa kubaki kudai. Mwenye nyumba hahitaji kushinda kesi. Anahitaji tu basi la jioni liondoke.

Ndiyo maana wazoefu wa njia hizi huanza kujiandaa kutoka siku ile ile wanayoingia. Hupiga picha za kuta, vitasa, vyoo na mita kabla ya kuingiza kitanda, na kumtumia mwenye nyumba picha hizo kwa simu ili tarehe ibaki. Hulipa kwa simu au benki kwenye namba yenye jina la mwenye nyumba, si la dalali. Hukataa miezi sita na kuomba mitatu kwa kodi iliyo juu kidogo, kwa sababu fedha iliyobaki mfukoni inazunguka na iliyolipwa haizunguki. Huandika kwenye karatasi moja, hata kwa mkono, kiasi cha amana, ni kitu gani kinaweza kukatwa, na itarudishwa ndani ya siku ngapi. Na hutoa notisi mapema kwa maandishi, kisha hukabidhi funguo mbele ya mtu wa tatu.

Yakiharibika, zipo njia ambazo si ndefu kama wengi wanavyodhani. Mahakama ya madai madogo ya Kenya inapokea madai ya fedha yasiyozidi KSh milioni 1 na inatakiwa kuyaamua ndani ya siku 60. Uganda ina utaratibu wa madai madogo yasiyozidi Sh milioni 10 za nchi hiyo. Tanzania, baraza la ardhi la kata hufanya usuluhishi, na baraza la ardhi na nyumba la wilaya husikiliza shauri. Lakini kote huko anayedai anatakiwa awepo, na hapo ndipo mgeni hukwama.

Kinachowezekana bila kugusa ardhi

Kufungua upya kifungu cha 15 si jambo la kutarajiwa karibuni. Siasa ya ardhi ni nzito, na agizo la Julai limeonyesha kwamba upepo unaelekea kwenye kuwalinda wenyeji. Lakini si lazima kukigusa ili kumsaidia mpangaji.

Cheti rahisi cha uasili kilizaliwa kwa sababu serikali zilikubali kwamba mama anayevuka na magunia matano hawezi kujaza nyaraka za mwenye kontena. Hoja hiyo hiyo inasimama kwa chumba. Ukurasa mmoja wa mkataba wa upangaji wa muda mfupi, kwa Kiswahili, wenye nafasi ya jina, namba ya kitambulisho, kodi, amana, muda wa notisi na saini ya kiongozi wa mtaa, haubadilishi sheria ya ardhi ya nchi yoyote. Madawati ya habari za biashara yaliyopo kwenye baadhi ya mipaka yangeweza kuugawa pamoja na orodha ya bidhaa. Utaratibu wa kusikiliza madai ya amana kwa simu ya video, mdai akiwa upande wa pili wa mpaka, ungeondoa silaha kubwa ya mwenye nyumba asiye mwaminifu, ambayo ni umbali.

Wenye nyumba nao wangefaidika. Wengi wanadai miezi sita kwa sababu wamewahi kukimbiwa usiku na mpangaji ambaye hawakujua hata anatoka nchi gani. Karatasi inayomtambulisha mgeni na kuonyesha kwamba alipotoka mara ya mwisho alikabidhi funguo na kumaliza deni ingewapa sababu ya kukubali miezi miwili.

Hadi hapo, mfanyabiashara ataendelea kuvuka na vitunguu vyake kwa cheti kilichojazwa kwa dakika chache, kisha kumkabidhi mtu asiyemjua fedha za miezi sita kwa risiti isiyo na muhuri. Soko la pamoja limempokea mpakani. Mjini bado anajitafutia mwenyewe pa kulala, na pa kuanzia siku atakapotaka kuondoka.